Utani Uliopigwa Taipu

Ushonaji nilifundishwa na mtu ambaye mtaa mzima pale Kikuyu, Dodoma, ulimjua kuwa ni Mnyamwezi. Alikuwa na cherehani mbili barazani, moja ya kwake na moja ambayo haikuwa na mtu. Mama yetu alipomfuata baba, nilikuwa na miaka kumi na tano, niko darasa la sita, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Siku chache baada ya matanga mtu huyo alinikuta nimekaa mlangoni, nimeshika sufuria tupu nisijue nilikuwa nataka kuifanyia nini.

"Kesho uje kibarazani kwangu," akaniambia. "Daftari uliache."

Shule sikurudi tena, na sijawahi kumlaumu kwa hilo. Nilikuwa nimeshaacha moyoni kabla hajaniambia. Yeye alinipa tu mahali pa kwenda asubuhi.

Tulimwita Fundi, sisi na kila mtu. Alianza kunifundisha vifungo, kisha pindo, kisha mikono ya shati. Nikikosea hasemi. Anaacha nimalize, ananipa nguo niivae mwenyewe, nijionee. Mdogo wangu wa tatu haoni, na alikuwa anasoma Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona. Fundi alimshonea sare zote, na kila shati aliliwekea kifungo kidogo ndani ya shingo, upande wa nyuma, ili mtoto apapase ajue mbele ni wapi. Sikumwomba. Nilikiona kifungo siku nafua.

Miaka ile ndiyo watu walikuwa wanasema kila kitu ruksa. Mitumba iliingia kwa marobota, na wanawake waliozoea kutuletea vitambaa vya Krismasi wakaanza kuvaa makoti ya nchi za theluji katika jua la Dodoma. Fundi hakulalamika. Alichukua mkaa, na kwenye kibao chetu kilichoandikwa "Tunashona Suti na Magauni" akaongeza "na Kupunguza". Tukawa tunapunguza. Mifukoni mwa makoti tulikuta tiketi za mabasi zenye herufi tusizozijua, naye alizipanga kwenye kopo la vifungo kana kwamba wenyewe wangekuja kuzidai.

Mbele ya kibaraza, upande wa pili wa njia, alikaa bibi mmoja wa Kigogo aliyekuwa anauza mlenda mkavu, na zabibu wakati wa zabibu. Alitoka Nzuguni kila asubuhi kwa miguu, wakati huo kule bado ni mashamba ya uwele. Mimi ni Mgogo, kwa hiyo kwake nilikuwa mjukuu. Fundi kwake alikuwa mtani, maana Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wanyamwezi walipita Ugogo wamebeba mizigo mabegani kwenda pwani, na babu zetu wakawatoza hongo ndipo wapite na wanywe maji. Hayo yalitosha kuwapa hawa wawili maneno ya kutwa nzima.

"Shikamoo, bibi," nasema nikifika.

"Marahaba, mjukuu wangu. Yule mpagazi kaamka, au kapewa mzigo kaondoka?"

Fundi anajibu humo ndani kabla sijafungua mdomo. "Nitaondokaje na wewe mtoza hongo umeziba njia?"

"Lipa upite."

"Nilishalipa. Uliza babu yako alipeleka wapi."

Fundi alipougua malaria, ni huyo bibi aliyemletea uji, akasimama kando ya kitanda akimtukana mpaka kikombe kikaisha. Siku bibi alipofiwa na mumewe, Fundi alikaa kwenye kizingiti akalizuia jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo, na waliokuwa wanalia wakacheka wakiwa na machozi yao. Ndivyo walivyoishi. Sikumbuki siku waliyoongea vizuri.

Sasa, kiangazi kimoja mjumbe wetu wa nyumba kumi alipita akitangaza mkutano wa kutoa maoni kuhusu wageni. Mama mmoja jirani akamuuliza kama tupike. Mjumbe akasema si wageni wa kupikiwa, ni wageni wa nchi za nje, serikali inataka kujua wananchi wanawataka wangapi.

Tulikwenda mchana, kwenye uwanja wa ofisi ya kata, tukakaa kwenye madawati ya shule. Kamati ya kupokea maoni ilikuwa na mwenyekiti aliyevaa kaunda suti na mama mwandishi aliyekuwa na kalamu mbili, moja mkononi na moja kwenye nywele. Mwenyekiti akaeleza vizuri tu. Serikali inafikiria upya utaratibu wa wageni kuingia na kukaa nchini. Akanyoosha vidole vitatu: wenye mitaji, wenye kazi za ujuzi usiopatikana kwetu, na wengineo. Tuseme kila daraja lipewe nafasi kiasi gani kwa mwaka, na yupi atangulie.

"Kila mtakachosema kitaandikwa," akasema. "Msiogope."

Mzee mmoja mfugaji akasimama. "Wanakuja na ng'ombe au bila ng'ombe?"

"Bila ng'ombe, mzee."

"Basi waje. Maji ya lambo yanamalizwa na ng'ombe, si na watu."

Mtumishi mmoja wa ofisi za Bunge akasema idadi isipangwe kwa hisia, ipangwe kwa takwimu za mahitaji. Mwanafunzi wa chuo akasema wenye mitaji waje, ila wasije kushindana na mama zake kuuza vitumbua. Mama mmoja akataka wachimba visima wapewe kipaumbele. Sauti moja nyuma ikauliza kama lipo daraja la wanaokuja na mvua.

"Hilo tutalifikisha juu," mwenyekiti akasema, na hata yeye akacheka.

Ndipo bibi akasimama, akafunga kanga yake upya kiunoni kama anayekwenda kupura uwele.

"Mnatuuliza tuongeze wageni wangapi," akasema. "Kabla ya kuongeza, anzeni na huyu tuliyenaye. Huyu fundi cherehani. Alikuja kabeba mizigo ya watu, akaitua hapa Kikuyu, kwao hakurudi mpaka leo. Kibali hana, hongo hajamaliza. Mwondoeni huyu, kisha ndiyo tuhesabu."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, nikageuka kumtazama Fundi aliyekuwa kando yangu, maana nilitaka kusikia jibu. Kwa kawaida jibu lake halichelewi. Alikuwa ameishika futi yake ya kupimia iliyoning'inia shingoni, anaizungusha kwenye kidole, kisha anaikunjua. Alitabasamu, lakini kwa mdomo tu.

"Leo mpagazi kaishiwa," mtu akasema nyuma yetu.

Wakacheka tena, mkutano ukaendelea. Niliona kalamu ya mama mwandishi ikiendelea kwenda hata kicheko kilipokwisha. Hakuwa na kosa. Aliambiwa aandike kila kitu.

Baada ya wiki kadhaa tarishi alikuja na baiskeli, akaleta barua iliyopigwa taipu. Fundi alisoma namba haraka, lakini herufi zilimchosha, kwa hiyo nilimsomea. Ilisema kwamba kufuatia maoni ya mkazi wa eneo lake, imeonekana yeye si raia, aliingia nchini kwa kazi ya kubeba mizigo na hakurejea kwao, na anaishi bila kibali. Afike ofisi ya uhamiaji siku iliyotajwa akiwa na uthibitisho wa mahali alipozaliwa.

Nilipofika kwenye kubeba mizigo nilicheka. "Wamepiga taipu utani," nikasema.

Fundi hakucheka. Aliushusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa, akauacha hapo.

"Keti, mama," akaniambia. Aliniita hivyo siku zote, kama mtu anavyomwita binti yake. "Bibi kasema kweli, ila hajui."

Akaniambia alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa magharibi kabisa, kabla ya uhuru wa huku na wa huko. Mama yake alipokufa, mjomba wake alimvusha kwa mtumbwi akiwa bado hajabadili meno, wakaenda mpaka mashamba ya tumbaku huko Urambo. Mjomba naye akafa. Wanyamwezi wakamlea, wakamfundisha cherehani, na alipopanda treni kuja Dodoma watu walimuuliza anatoka wapi, akasema Tabora. Tangu hapo hakuulizwa tena.

"Kwa hiyo wewe si Mnyamwezi."

"Kinyamwezi ndicho ninachootea ndoto. Cha mama yangu nakumbuka maneno mawili, na moja sina hakika nalo."

"Mbona hukumjibu bibi?"

"Aliposema waanze na mimi, nilidhani kaambiwa na mtu. Miaka yote nilikuwa nangoja mtu aseme, na akasema yeye, mbele ya kalamu."

Nikamuuliza atafanya nini. Akasema atakwenda, na wakimrudisha atarudi, ingawa hakujua arudi kijiji gani. Kisha akavuta koti la mteja akasema nisogee nione. Wiki ile alinifundisha kola ya koti la suti, kitu ambacho siku zote alisema nitafundishwa nikikomaa. Alinifundisha na kupima mtu mwenye bega moja lililoshuka bila kumwonyesha kwamba umeliona. Alifundisha haraka, akarudia mara mbili mbili. Nilijua kwa nini anafanya haraka, na kila mshono niliopata sawasawa uliniuma. Nilikuwa nimeshazika wazazi wawili. Huyu walikuwa wanataka kumwondoa akiwa mzima, anakanyaga cherehani.

Nikavuka njia nikaenda kwa bibi na ile barua. Siri ya Fundi sikumwambia, haikuwa yangu. Nilimsomea barua tu. Akaichukua, akaigeuza, akaitazama mgongoni kana kwamba utani wake ungekuwa umebaki upande wa pili.

"Nani kamtuma yule mama aandike?"

"Waliagizwa waandike kila kitu, bibi."

"Hata kikohozi?"

Akakunja barua polepole, akaniuliza ni siku gani.

Siku hiyo tulikwenda watatu. Bibi alivaa kanga mpya na hakumsemesha Fundi njia nzima, jambo ambalo lilinitisha kuliko barua. Ofisa aliyetupokea alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye faili moja jembamba mezani. Bibi alimsalimu kwa Kigogo, "mbukwa", na yeye akajibu kwa shikamoo, akamletea kiti.

"Bibi, ni wewe uliyesema kwenye mkutano kwamba huyu mzee ni mgeni?"

"Nilisema."

"Na kwamba hana kibali?"

"Nilisema. Wewe mwanangu ni kabila gani?"

Ofisa akasita. "Mhehe, bibi."

"Ndiyo maana nilipoingia hapa uani sikusikia mbwa hata mmoja akibweka," bibi akasema. "Mmeshawala wote."

Wahehe nao ni watani wetu, na hilo la mbwa ndilo wanaloambiwa kila mahali. Ofisa aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumcheza. Bibi hakucheka.

"Liandike na hilo," akasema, akigonga faili kwa kidole. "Mkazi mmoja wa Nzuguni kaleta taarifa kwamba bwana mkubwa anakula mbwa. Lipigwe taipu, lipelekwe juu, na wewe uitwe ulete uthibitisho. Ukiliacha la kwako, na la huyu liache."

"Bibi, nimekuelewa."

"Hujanielewa. Mgeni mimi simtukani. Mgeni nampa kigoda, namuuliza habari za safari, namchinjia kama kuku yupo. Huyu namtukana kila siku ya Mungu asubuhi na jioni. Mtu akitukanwa hivyo, bado mnamuuliza ni wa wapi?"

Ofisa alifuta macho kwa kiganja. Akachukua faili, akaanza kulifunga. Nililiona jalada likishuka.

"Lakini, bwana mkubwa," Fundi akasema, "swali lenu hamjajibiwa."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuutoa, wala hakunitazama. Akasema yote kama alivyoniambia mimi: ziwa, mtumbwi, mjomba, Urambo. Aliongea taratibu, na ofisa alimsikiliza bila kuandika.

"Mzee," ofisa akasema mwishoni, "ungenyamaza ningefunga."

"Niliona. Ila nimeliruka swali hilo tangu utotoni, na miguu imechoka."

Ofisa akavuta droo. Akasema sheria mpya bado wanaikusanyia maoni, lakini hata ya zamani ina njia kwa mtu aliyeingia siku nyingi na kukaa kwa wema. Akaanza kuuliza kwa utaratibu wake.

"Una mtaji?"

"Cherehani mbili."

"Umeajiriwa na nani?"

Fundi akanionyesha mimi kwa kidevu. "Siku hizi huyu ndiye anayenituma."

"Basi utaingia kwenye wengineo."

"Hao si ndio sisi wote," bibi akasema, lakini kwa sauti ya chini. Alikuwa anamtazama Fundi kama mtu aliyeletewa nguo yake kutoka kwa dobi ikiwa na rangi nyingine.

"Kwa hiyo wewe si Mnyamwezi," akamwambia.

"Siyo, mtani."

"Usiniite mtani. Nimekutukana miaka yote hii na hukuwa na haki ya kutukanwa?"

"Sikuwa nayo."

"Na ulikuwa unajibu."

"Nilikuwa napenda kujibu."

Bibi akageuzia uso wake dirishani. Ofisa akasema fomu inataka mashahidi wawili wanaomjua mwombaji na tabia zake, na hapo nikaona kwamba kila kitu kimemwangukia yule bibi. Angeinuka akaenda zake, Fundi asingekuwa na wa kumtolea ushahidi aliyemjua tangu anafika Kikuyu. Mimi nilimkuta.

"Nani wa kwanza?" ofisa akauliza.

Bibi aliacha kutazama dirishani. Halafu akanyoosha kidole gumba, akitafuta wino mezani kwa macho.

"Uhusiano wako na mwombaji, bibi?"

"Mtani."

"Lakini amesema yeye si…"

"Nimemsikia, masikio ninayo. Kabila kaliazima huko Tabora, hilo lake na Watabora. Utani nilimpa mimi, na sijamnyang'anya. Andika."

Ofisa akaandika. Bibi akaweka dole gumba, akalifuta kwenye ukuta wa ofisi ya serikali kabla hatujamzuia.

Fundi alikuwa ameinama, anazungusha futi yake tena. Ofisa akaenda kwenye mstari uliofuata, akamuuliza wategemezi wake ni wangapi.

"Wanne," Fundi akasema. Akanitaja mimi kwanza, kisha wadogo zangu mmoja mmoja kwa umri, na majina yao ya ubatizo hakuyakosea.

Kwa miaka sita nilikuwa nimewaambia walimu, majirani na ndugu waliokuja kututazama kwamba hatumtegemei mtu. Kwenye fomu za shule za wadogo zangu, mahali pa mlezi, niliandika jina langu bila kusita, hata pale mwalimu mkuu aliponitazama kwa kuwa nilikuwa bado binti mdogo. Nilijiandaa kumsahihisha ofisa. Badala yake nilisikia kitu kinaniachia mabegani, na nikatamani Fundi abaki ananitaja hivyo hivyo.

"Na shahidi wa pili?" ofisa akauliza.

"Mimi," nikasema.

Akatazama fomu, akanitazama. "Mtegemezi hawezi kumtolea ushahidi anayemtegemea. Ni moja au lingine. Au mje siku nyingine na mtu mwingine."

Fundi akasema tutakuja siku nyingine. Akasema niachwe pale pale nilipoandikwa. Lakini mimi nilifikiria faili likibaki wazi mezani, kalamu nyingine, ofisa mwingine asiye na mtani.

"Nitoe huko juu," nikamwambia ofisa. "Niweke shahidi."

"Uhusiano?"

"Andika mwanafunzi wake."

Kibali kilitoka baada ya kungoja sana, wakati nimeshamaliza suti yangu ya kwanza peke yangu. Fundi aliishi Kikuyu mpaka mwisho, na tulimzika huko huko, na bibi aliyekuwa amezeeka sana alifanya kazi yake yote ya mtani kaburini kwa ukorofi uliowashangaza vijana. Nakala ya ile fomu ninayo. Kwenye wategemezi jina langu limekatwa kwa mstari mmoja wa wino wa bluu, mstari mwembamba, ofisa hakukandamiza. Bado linasomeka.